Mabega Yamegusana, Majina Hatuyajui: Tuliyoyaona Dodoma

  

Ndugu Waislamu, mwaka 2023 tulihama Tanga na kuja Dodoma kwa ajili ya kazi ya kusomesha madrasa. Mtu aliyehama hupewa muda mfupi wa kuona mambo ambayo mwenyeji ameshayazoea, na muda huo ukipita naye huzoea, asiyaone tena. Kwa hiyo tumeona ni bora tuyaandike tuliyoyaona kabla hatujayazoea. Hatukusudii kuulaumu mji uliotupokea vizuri. Tunakusudia kuzungumzia jambo moja ambalo limetushughulisha kuliko mengine yote, nalo ni kwamba katika mji wenye wageni wengi msikiti unaweza kujaa watu ambao hawajuani.

Mji unaopokea watu kila siku

Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi yetu Dodoma ulipitishwa mwaka 1973, lakini utekelezaji wake ulikwenda polepole kwa zaidi ya miaka arobaini. Mwezi Julai 2016 Rais John Magufuli alitangaza kuwa serikali yote itahamia huku, na tarehe 26 Aprili 2018 mji ukatangazwa kuwa jiji. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu hapa watu zaidi ya laki nne. Sensa ya mwaka 2022 ikahesabu zaidi ya laki saba na nusu. Mwaka 2024 treni ya umeme ikaanza kuleta abiria kutoka Dar es Salaam. Baadhi ya watu hao walioongezeka wamezaliwa hapa hapa, lakini anayepita Nzuguni, Ilazo, Kisasa au Mtumba atasikia lafudhi za Pwani, za Kanda ya Ziwa, za Kusini na za Kaskazini katika duka moja.

Mgeni hukutana kwanza na ardhi yenyewe. Mvua hapa ina msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi mwezi wa nne hivi, kisha anga hukauka. Sisi tuliozoea unyevu wa bahari tulishangaa kuona nguo zikikauka kabla mwanafunzi hajamaliza kusoma hizbu moja, na midomo ikipasuka mwezi wa saba kwa upepo na baridi ya usiku. Katika mtaa wetu maji huja kwa zamu, na mama wa nyumba ya jirani ndiye aliyetufundisha siku za zamu, saa ya kufungua bomba na ukubwa wa tangi linalotosha familia. Elimu hiyo haikuandikwa popote. Huipati ila kwa mtu, na asiye na mtu huipata kwa kuumia.

Dakika kumi na nne

Jambo la pili linahusu saa. Dodoma iko magharibi ya Dar es Salaam kwa nyuzi tatu na nusu hivi za longitudo, na kila uzi mmoja ni dakika nne za mwendo wa jua. Kwa hiyo jua la Dodoma huzama takriban dakika 14 baada ya jua la Dar es Salaam. Wanafunzi wetu wa falaki wanaijua hesabu hii. Pamoja na hivyo, Ramadhani yetu ya kwanza hapa tulisikia kuwa zipo nyumba za wahamiaji ambamo watu hufuturu kwa adhana ya redio inayorusha matangazo kutoka Dar es Salaam, na jua la hapa bado linaonekana. Wengine wamebandika ukutani kalenda ya nyakati za Sala waliyokuja nayo katika mizigo yao.

Kadhalika kibla. Anayeswali Dar es Salaam huelekea kaskazini karibu moja kwa moja. Anayeswali Dodoma huelekea kaskazini na kuegemea mashariki kwa nyuzi nane hivi. Tofauti hiyo ni ndogo, na wanazuoni wametosheka na kuelekea upande kwa aliye mbali na Al-Kaaba, hivyo hatutaki kumtia mtu wasiwasi. Lakini suala la futari ni zito, maana ni funga ya mtu.

Tukajiuliza: imekuwaje Muislamu anayeswali Ijumaa msikitini kila wiki akae mwaka mzima bila kujua kuwa jua la mji wake lina saa yake? Jibu tulilolipata ni jepesi. Hakuna aliyemwambia, kwa sababu hakuna aliyejua kuwa yeye ni mgeni.

Nyumba zisizo na baraza

Tanga, kama miji mingine ya Pwani, nyumba za zamani zina baraza. Mwenye nyumba hukaa nje baada ya Alasiri, na mpita njia hutoa salamu apende asipende. Mgeni akipanga chumba leo, baada ya siku tatu baraza zima limeshajua ametoka wapi, amekuja kwa kazi gani na kama ameoa. Tulipokuwa vijana tulikuwa tukilalamika kuwa baraza lina maneno mengi. Lina maneno, hilo kweli. Lakini mgonjwa hakulala siku mbili bila mtu kugonga mlango wake.

Mitaa mipya ya Dodoma imejengwa kwa namna nyingine. Nyumba ni nzuri, viwanja vimepimwa, na kila nyumba imezungushiwa ukuta wenye geti. Hatuwalaumu waliojenga ukuta, kwa kuwa kila mtu anaogopea mali yake na anasitiri familia yake. Tunachosema ni kwamba ukuta umechukua nafasi ya baraza, na hakuna kilichowekwa kufanya kazi ambayo baraza ilikuwa ikiifanya. Neno letu jirani limetokana na Kiarabu jiraan, ambalo katika lugha hiyo ni wingi wa jaar. Waswahili walilichukua neno likiwa katika wingi, kana kwamba hawakuweza kumfikiria jirani akiwa mmoja. Leo wapo watu wanaoishi katika safu ya nyumba ishirini na hawana hata huyo mmoja.

Mahali pekee panapobaki ambapo watu wa mtaa huo hukutana ana kwa ana ni msikitini. Nasi tumeona wanavyokutana. Imamu anaamrisha safu zinyooke, mabega yanagusana, miguu inagusana, maana sunna hiyo tumeihuisha na tunamshukuru Allah. Kisha salamu inatolewa, watu wanaleta nyiradi zao, na ndani ya dakika kumi kila mmoja yuko kwenye bodaboda au gari lake. Mtu uliyegusana naye bega mara tano kwa siku, hujui jina lake.

Zaidi ya hapo, wapo wengi ambao mwili uko Dodoma na moyo uko Dar es Salaam. Ijumaa jioni utawaona wakielekea stesheni na kituo cha mabasi, na Jumatatu alfajiri wanarejea. Adhuhuri ya Jumatano msikiti hauna nafasi, Adhuhuri ya Jumamosi safu hazifiki nusu. Mtu wa namna hii hujiona abiria, na abiria haulizi habari za waliokaa naye kiti kimoja.

Ndugu wa safu ya pili

Jambo lililotufanya tuandike makala haya lilitokea katika mtaa tunaoishi. Ndugu mmoja mpangaji, mtumishi wa ofisi, alifariki chumbani kwake siku ya Jumamosi. Alikuwa akiswali nasi Alfajiri na Isha kwa muda wa miezi minane, mara nyingi safu ya pili upande wa kulia. Mwenye nyumba alijua jina lake la kwanza tu, na kwamba anafanya kazi serikalini. Simu yake ilikuwa imefungwa kwa namba ya siri. Tulipokusanyika msikitini kuulizana, mmoja alimkumbuka kwa kanzu yake ya kijivu, mwingine alimkumbuka kwa sauti yake ya kuitikia amin. Hakuna aliyejua jina la baba yake. Hakuna aliyejua kama kwao ni Kigoma, Lindi au Pemba, wala kama ana mke na watoto.

Ofisi zilikuwa zimefungwa. Maiti ikakaa katika chumba cha kuhifadhia maiti hadi Jumatatu, ilipopatikana namba ya kaka yake katika faili la kazini. Mama yake mzazi alikuwa amepiga simu siku zote mbili, na simu ililia ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na nguo zake hadi ikazimika. Janaza ambayo sheria inatuhimiza kuiharakisha ilicheleweshwa na jambo dogo kabisa: hatukuwahi kumuuliza.

Hapa tunakumbuka habari iliyothibiti ya yule aliyekuwa akifagia msikiti wa Mtume (S.A.W.). Alifariki, maswahaba wakamzika bila kumwarifu Mtume, kama kwamba jambo lake ni dogo. Mtume (S.A.W.) alipomkosa akamuulizia. Alipoambiwa amekufa, akawakemea kwa kutomjulisha, akataka aonyeshwe kaburi, akamswalia hapo. Makhatibu wetu huisimulia habari hii kwa kutaja fadhila za kusafisha msikiti, na ni kweli. Lakini mwanzo wake ni neno alimkosa. Kiongozi wa umma, mwenye vita, wajumbe na wahyi unaomshukia, alitambua kuwa mfagiaji hayupo. Sisi tulikosa kutambua kuwa mtu wa safu ya pili hakuja Alfajiri.

Alichohitaji Abdulrahman

Tukirudi katika Sira tunakuta kwamba dola ya Madina ilianza kwa tatizo hili hili la wahamiaji. Mtume (S.A.W.) alifunga udugu kati ya Muhajirina na Ansari, mtu na mtu, kwa majina yao. Saad bin Rabii (R.A.) akamwambia ndugu yake Abdulrahman bin Auf (R.A.) kuwa yuko tayari kumgawia nusu ya mali yake. Abdulrahman akamwombea baraka katika mali yake na watu wake, kisha akaomba aonyeshwe soko lilipo. Wakamwonyesha soko la Banu Qaynuqaa, akaanza kuuza jibini kavu na samli, na baadaye akawa miongoni mwa matajiri wa maswahaba.

Tunapoisoma habari hii husifu ukarimu wa Saad na kujitegemea kwa Abdulrahman, na wote wanastahiki sifa. Lakini tuangalie kilichopita kati yao. Mwenyeji alifungua mlango, mgeni akaomba aonyeshwe njia. Hicho ndicho wageni wengi wa Dodoma wanachokihitaji. Wana mshahara na wana pa kulala. Wanachokosa ni mtu wa kuwaambia soko lipi lina bei nafuu, madrasa ipi inafaa kwa watoto, mkunga anapatikana wapi usiku, na jua linazama saa ngapi. Jambo hilo halina gharama, na ndiyo maana hakuna kisingizio cha kuliacha.

Na habari hiyo ina mwisho wake. Baada ya siku Mtume (S.A.W.) alimwona Abdulrahman akiwa na alama ya manukato ya rangi, akamuuliza kulikoni. Akajibu kuwa ameoa mwanamke wa Kiansari. Akamwamuru afanye walima japo kwa kondoo mmoja. Yaani mgeni hakupokelewa siku moja kisha akaachwa. Aliendelea kutazamwa na kuulizwa hali.

Majibu kwa wanaopinga

Tulipolizungumza jambo hili na baadhi ya ndugu, tulisikia hoja tatu, nazo zinastahiki kujibiwa.

Kwanza, wapo waliosema kuwa kuandikisha watu ni kazi ya serikali ya mtaa. Ni kweli kuwa mwenyekiti wa mtaa ana daftari lake, na kila mkazi anawajibika kujitambulisha kwake. Lakini mwenyekiti hamuulizi mtu kuhusu wasia wake, wala nani atamuosha akifa, wala kama watoto wake wanasoma Qur'an.

Pili, wapo waliochelea kuwa daftari la msikiti ni jambo la kuzua katika dini. Wasiwasi huu tunauheshimu, kwa kuwa unatokana na kuichunga sunna. Lakini bid'a ni kuzua ibada, na daftari ni chombo cha kupangia kazi. Imethibiti kuwa Mtume (S.A.W.) aliamuru waandikwe watu waliotamka Uislamu, na katika riwaya moja walifika wanaume 1,500. Umar bin Khattab (R.A.) katika ukhalifa wake alianzisha diwani za kuandika majina ya watu na haki zao, na maswahaba walikuwapo.

Tatu, wapo waliosema kuwa watu hawapendi kuchunguzwa. Hoja hii ndiyo nzito zaidi, kwani Qur'an imekataza kupelelezana. Jibu letu ni kuwa mtu aulizwe waziwazi, kwa hiari yake, yale anayoweza kuyajibu bila haya. Ukimuuliza jina, mji wa kwao na namba ya ndugu wa karibu, umemhudumia. Ukimuuliza mshahara wake au kwa nini hajaoa, umempeleleza. Na daftari likae kwa mtu mwaminifu mmoja, lisipitishwe mikononi mwa watu.

Tunayopendekeza

Tunawaomba maimamu na kamati za misikiti, hasa katika miji inayokua kwa haraka, wayatazame mambo haya manne.

1. Kila msikiti uteue watu wawili, na kina mama wawe na wao upande wao, kazi yao iwe kumtambua mgeni na kumsalimia kabla hajatoka mlangoni. Wasingoje ajitambulishe.

2. Liwepo daftari la jamaa lenye mambo matatu tu: jina kamili, mahali pa asili, na namba ya simu ya ndugu mmoja.

3. Kila mgeni aunganishwe na mwenyeji mmoja wa mtaa wake, kwa jina, kwa muda wa miezi mitatu. Mwenyeji huyo amwonyeshe anachohitaji kuonyeshwa, ampe ratiba ya nyakati za Sala ya mji huu, na amuulizie asipoonekana.

4. Baada ya Isha ya Alhamisi watu wakae robo saa bila darsa wala mchango, wazungumze tu. Hilo ndilo baraza ambalo kuta zimetunyang'anya.

Mgeni naye ana deni

Tukiishia hapo tutakuwa tumewatwisha wenyeji mzigo wote, na huo si uadilifu. Mgeni naye ana wajibu, na sisi wageni tumeonekana tukiukimbia. Tumesikia katika vikao vyetu mtu akiudharau mlenda na ugali wa uwele, akiicheka lafudhi ya Wagogo, akisema kuwa mji huu hauna raha, ilhali anakula zabibu zake na ananywa maji ya visima vyake. Muhajirina hawakuingia Madina wakiwasimulia Ansari uzuri wa Makka asubuhi na jioni. Waliipenda Makka, nyoyo zao ziliuma, na Mtume (S.A.W.) akamwomba Mola awapendezeshe Madina kama walivyoipenda Makka au zaidi. Hiyo ndiyo adabu ya mhamiaji: kuomba apendezeshwe mahali alipopelekwa na riziki.

Mgeni ajitambulishe kwa imamu katika wiki yake ya kwanza. Ajifunze salamu ya wenyeji, maana anayeitwa kwa mbukwenyi akaitikia kwa uchangamfu amefunguliwa milango mingi. Aandike wasia wake, na amwachie mtu mmoja namba za watu wake. Anayesafiri kila Ijumaa abaki japo Jumamosi moja kwa mwezi, ahudhurie janaza na ndoa za mtaa, ili siku yake ikifika asizikwe na watu wasiojua jina lake.

Ndugu zetu katika imani, katika Suratun Nisaa, aya ya 36, Allah (S.W.) amewataja jirani wa karibu, jirani asiye na nasaba na msafiri aliyeharibikiwa njiani, katika aya ile ile iliyoanza kwa kuamrisha kumwabudu Yeye peke yake. Harakati yetu imefanya kazi kubwa ya kusimamisha tauhidi, sehemu ya mwanzo ya aya hiyo. Sehemu inayofuata inatusubiri mlangoni mwa msikiti, baada ya salamu, na gharama yake ni kumgeukia aliye kuliani kwetu na kumuuliza: ndugu yangu, unaitwa nani, na kwenu ni wapi?